Kidole cha Anselme

Anselme Courtade alicheza jukwaani Lyon miaka hamsini, lakini watu wa sinema walimtaka kwa jambo moja tu: kufa. Mimi Odile, mpambaji wake, nimempaka rangi ya maiti mara arobaini na moja. Mzee alijua kufa mpaka nikawa naogopa. Ndipo tukapatana kwamba akishalala atainua kidole kidogo, nijue yu hai.

"Unaogopa nitakutoroka, Odile?"

"Wewe inua tu. Maneno acha."

Mara ya mwisho ilikuwa asubuhi. Alikuja kwa miguu yake, akanisalimia, akajilaza mezani. Poda haikupata kazi, maana uso ulikuwa mweupe tayari. Kidole kikainuka, nami nikasogea pembeni.

Mwongozaji, kijana asiye na adabu, akacheka. "Huyu babu anakufa vizuri kuliko anavyoishi!"

Wakarekodi mara tatu. Kila mara nilitazama kidole, na kila mara kiliinuka. Walipomwambia aamke, hakuamka.

Daktari akaja, akajaribu kuukunja mkono, ukakataa. "Huyu amekufa tangu jana usiku," akasema.

"Acha upuuzi! Asubuhi hii kanisalimia!"

Wakamfunika shuka, wakatoka nje kupiga simu. Nikabaki nafunga sanduku langu la rangi, na chini ya shuka kidole kikainuka.

"Basi, Anselme," nikamwambia. "Nimeona. Shusha."

Kikashuka.