Waya wa Muda na Juisi ya Marakuja

Watu waliotembea sana huikumbuka miji kwa hoteli zake au kwa chakula chake. Mimi naikumbuka kwa vyoo. Cha stendi ya Mwanza kilikuwa safi, ila foleni yake ilikuwa adhabu. Cha Petite Barrière, pale wachuuzi wanapovuka mpaka kwenda Goma na mabeseni ya nyanya kichwani, kina mama mmoja anayekilinda. Akiniona ninakuja kwa ule mwendo wangu wa haraka, huwaambia wengine wanipishe. Nadhani anaamini nina mimba isiyozaliwa.

Ugonjwa wangu ni maumivu ya kibofu. Kikianza kujaa, hata kidogo tu, kinawaka kama kidonda kilichomwagiwa ndimu. Nikienda haja ninapata nafuu, halafu mambo yanaanza upya. Mkojo wangu umepimwa katika nchi nne na hakuna aliyewahi kuona mdudu. Dawa nimemeza za kila rangi. Kwa kuwa shule niliiacha mapema, nikikaa mbele ya daktari namwuliza maswali yote ambayo wenzangu waliyamaliza darasani. Madaktari kadhaa walichoka nami, na wa mwisho wao ndiye aliyenielekeza kwa huyu wa Kigali.

Huyu alikulia Tanzania kabla familia yake haijarudi Rwanda, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Alinichorea mfupa wa chini wa mgongo na neva zinazotoka hapo kwenda kwenye kibofu. Alisema neva zangu zinapiga kelele bila sababu, na umeme mdogo huenda ukazituliza. Kwanza angepitisha waya mwembamba kwenye ngozi hadi karibu na neva, auunganishe na kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni, niwe nacho kwa wiki moja hivi. Maumivu yakipungua kwa nusu au zaidi, tungezungumza juu ya kifaa cha kudumu, chenye betri yake, kinachofichwa chini ya ngozi juu kidogo ya tako. Yasipopungua, angeuchomoa waya na tungeagana. Gharama zilikuwa za mradi wa hospitali, kwa hiyo hilo halikuniumiza kichwa.

Sasa, mimi ni mtu wa vitu vya muda. Vyumba vya kupanga, kazi za kupita, marafiki wa safarini. Nikamwuliza kwa nini asiniachie tu ule waya wa muda, awe anaubadilisha kila ukichoka. Akacheka, kisha akanieleza kwa uvumilivu kwamba tundu kwenye ngozi ni mlango, na wadudu hawabishi hodi. Isitoshe, waya ule unachomoka kirahisi. Haukutengenezwa kuishi na mtu.

Cha kudumu nacho kina mambo yake. Waya wake unaweza kuhama. Betri itakwisha siku moja, na itabidi nipasuliwe tena. Nafuu yenyewe inaweza kupungua baada ya muda. Na kila mara lazima nirudi kwa mtu anayejua kukirekebisha. Hilo la mwisho ndilo lililonikwama kooni. Sijawahi kuwa mtu wa kurudi mahali pamoja. Lakini pia nilikuwa nimechoka kuchagua barabara kwa kuangalia vyoo vyake, na kuamka kila nilipoanza kuota.

Siku ya kuwekewa waya alinipa masharti. "Usibebe mizigo, usiiname sana, usiloweshe bandeji. Mengine yote ishi kama kawaida. Kula na kunywa kama siku zote, la sivyo hatutajua kilichokusaidia."

Nikapanda basi la kurudi Gisenyi. Chini kule nilisikia msisimko mdogo, kama simu inayotetemeka kwenye mfuko wa jirani. Nikalala. Nilipofumbua macho Ziwa Kivu lilikuwa mbele yetu, na nilishtuka kugundua kwamba tangu Kigali sikuwa nimemwomba dereva asimame.

Ninapochoka na barabara, hufikia hapo Gisenyi kwa dada yangu mkubwa. Anauza sambaza sokoni, wale samaki wadogo wa Kivu, na anaimba kwaya. Kosa langu lilikuwa kumwambia. Kosa lake lilikuwa kuwaambia wanakwaya wenzake.

Kesho yake walianza kuja, wawili wawili, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Msimu ulikuwa wa marakuja, yale ambayo wengine huyaita pasheni. Kila mmoja alibeba juisi aliyoikamua mwenyewe, nzito, yenye mbegu zake. Kwa kibofu changu marakuja ni petroli. Nilikuwa sijaigusa kwa miaka. Ila huku kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Akishaonja, ukikataa unamwambia usoni kwamba humwamini hata baada ya kumwona akimeza.

Kiongozi wa kwaya, mama mnene mwenye sauti nzito kuliko wanaume wao, alimimina glasi, akapiga funda kubwa, akanikabidhi.

"Kunywa, mudogo wangu. Mi nimesha kuonja, unaona niko muzima."

Nikanywa. Akaingia mwingine, nikanywa. Kufikia siku ya tatu kile kidonda kilikuwa kinawaka tena, waya au bila waya, na choo cha dada yangu kilikuwa kimenizoea.

Dada alikaa mlangoni akichambua sambaza, akaniangalia nikitoka na kuingia. Alitaka niwekewe cha kudumu kuliko nilivyotaka mimi, na hakuficha sababu. "Labda hiyo itakufunga hapa kama mbuzi," alikuwa amenitania jioni ya kwanza. Sasa alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

"Donc haifanye kazi," alisema; "donc" kwake ni "kwa hiyo".

"Sijui. Labda ni waya, labda ni juisi."

"Sasa daktari utamwambia nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Nikimwambia yamerudi, angeuchomoa waya na mlango ungefungwa. Nikimwambia yamepungua, ningekuwa ninasifia kitu nisichokijua, na kingezikwa ndani yangu. Nikampigia daktari simu nikamweleza yote. Akaniuliza kama huwa ninakunywa marakuja. Nikasema hapana. Akaanza kukasirika, akauliza kwa nini basi niliinywa wiki hii, katika wiki zote za maisha yangu.

"Mama wa kwaya alionja kwanza," nikasema.

Hasira ikamwisha. Naye pia ana mama, tena ana wakwe.

"Ah," akasema. "Basi usingeweza kukataa."

Akaniongezea siku chache, akaniambia niondoke kwenye hiyo nyumba mchana, kwa sababu kulala kitandani nikipokea wageni si maisha yangu ya kawaida. Alikuwa amenielewa vizuri kuliko nilivyodhani. Maisha yangu ya kawaida ni kutembea.

Kwa hiyo kila asubuhi nikawa ninatoka kabla ya kwaya. Nilifuata njia ya kando ya ziwa kuelekea Nyamyumba, na chupa yangu ya maji, polepole, kifaa kiunoni chini ya kitenge. Mwanzoni nilikuwa nikihesabu vichaka, tabia ya zamani. Siku iliyofuata juisi ilikuwa imekwisha mwilini, nikasahau kuhesabu. Nilisimama kuzungumza na wavuvi waliokuwa wakianika nyavu, nikawauliza kwa nini mitumbwi inafungwa mitatu mitatu, nani huamua wimbo wa kupiga kasia, taa wanazichaji wapi. Walinijibu hadi wakachoka. Nikaenda kwenye chemchemi za maji moto, nikakaa juu ya jiwe kavu kwa ajili ya bandeji, nikala hindi la kuchoma. Maumivu yalikuwepo, lakini mbali, kama redio ya nyumba ya tatu. Nilikuwa nimeweza kumsikiliza mtu mpaka mwisho wa hadithi yake.

Kigali, daktari alipochomoa waya, nilimwambia hivyohivyo. Zaidi ya nusu. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akangoja, maana aliona bado nina swali.

"Hicho cha kudumu," nikasema, "nikikichoka?"

"Tunakizima. Ukikichoka kabisa, tunakitoa. Kinaitwa cha kudumu kwa sababu kinaweza kukaa, si kwa sababu wewe umefungwa nacho."

"Na nikiwa Mwanza kikaharibika?"

"Utarudi."

Alisema kama jambo dogo. Usiku ule maumivu yalirudi yote, bila marakuja wala wanakwaya wa kuwasingizia. Nikalala kwa vipande. Asubuhi nikampelekea jibu, akanipangia siku ya kupasuliwa, halafu nikampigia dada.

"Donc utakaa?" akauliza.

"Nitakuwa ninarudi."

Nilisikia soko nyuma yake, mtu akibishania bei. Kisha akasema atatoa magunia ya mahindi kwenye kile chumba cha nyuma, na kwamba kitanda nitanunua mwenyewe.