Mwani Umeingia Micoud

Ignatia Hippolyte aliamka vidole viwili vimebana pua. Mwani ulikuwa umezidi. Tangu Jumapili bahari ya Micoud, kijiji cha pwani ya mashariki ya kisiwa, ilikuwa inautapika ufukweni, rundo juu ya rundo, rangi ya kutu, na jua limeupika mpaka unanuka mayai viza. Ndani yake kuna kaa waliokufa na samaki waliovimba macho, na nzi wamejaa kama wamealikwa harusini. Mkufu wake wa fedha ulikuwa umegeuka mweusi tii kwa siku nne tu. Chai aliyoonja ilikuwa na ladha ya choo cha shule, akaimwaga dirishani, ikaungane na ndugu yake mwani.

Na nyumba yake ya wageni, vyumba viwili na baraza, iko hatua thelathini kutoka kwenye uozo huo.

Kwa ushauri Ignatia hana mpinzani pwani nzima. Mgeni akiuliza abebe nini, anapigwa hotuba. Usije na nguo za mabaka ya kijeshi, polisi watakushika. Usiende sokoni na chupi ya kuogelea, watu watadhani umetoroka hospitali. Ukiona mti umepakwa mstari mwekundu, usijikinge mvua chini yake, matone yake yanababua ngozi. "Wageni wangu hawarudi kwao na malengelenge," hujisifu. "Wanarudi na vitambi."

Asubuhi hiyo mdogo wake Cuthbert, dereva wa teksi, alikuwa anamwaga marashi ya kupaka baada ya kunyoa kwenye pembe za chumba.

"Unafanya nini wewe?"

"Naua harufu, dada."

"Hujaua kitu. Sasa chumba kinanuka yai viza lililotoka kwa kinyozi."

Simu ikalia. Alikuwa Madeleine Fournier, mwalimu wa kule Montreal. Yeye na mumewe wanakuja Jumamosi kukaa mwezi mzima, na ndio wageni pekee waliobaki msimu huu. Wasipokuja, vyumba vitalala mijusi. Madeleine aliuliza kuhusu soketi za umeme, viatu, mbu. Ignatia akajibu yote kwa raha zake. Kisha yule mama akasema, "Mume wangu ana pumu. Daktari anasema hewa ya bahari itamsaidia. Hapo kwako hewa ikoje?"

Cuthbert akampungia mkono dada yake: sema nzuri, sema nzuri.

Ignatia alimtazama na chupa yake ya marashi, akampa mgongo. Mtu na akili zake anataka kumlaza mgonjwa wa kifua juu ya jaa, halafu amfukizie marashi.

"Mama, usije huku," alisema. "Mwani umeoza. Hata mimi mwenye mapafu ya punda nakohoa. Nipe nusu saa nikutafutie chumba upande wa pili wa kisiwa, huko mwani haujafika."

Akakata. Cuthbert akashika kichwa.

"Upande wa pili unamjua nani, dada, zaidi ya Alcinda?"

Hapo ndipo uchungu ulipo. Alcinda Marcellin ni binamu yao, ana nyumba ya wageni Anse La Raye, na hawajasemeshana miaka saba, tangu Ignatia aliposema mbele ya ukoo mzima kwamba Alcinda haloweki samaki wake wa chumvi mpaka chumvi itoke, anamwogesha uso tu. Ignatia akapiga namba kama anashika panya mfu kwa mkia.

"Alcinda, una chumba kuanzia Jumamosi?"

Simu ikakatwa, taratibu.

"Hukumsalimia," Cuthbert akasema, na kicheko kikamponyoka. "Hata mwizi hapa kisiwani anasema habari za asubuhi kabla hajavunja mlango. Wewe miaka saba, na salamu huna?"

Ni kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Akameza mate machungu, akapiga tena.

"Habari za asubuhi, Alcinda."

"Habari za asubuhi, Ignatia. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nina wageni, mume ana pumu, na huku kwangu kunanuka. Wachukue wewe."

Alcinda alionja kwanza utamu wa kuombwa.

"Walete," akasema. "Na huo uvundo unalala nao vipi? Nina kitanda cha ziada."

Ignatia akatazama dirishani. Wimbi lilikuwa linasukuma rundo jingine, na mbwa mmoja amenusa akaondoka ameinamisha kichwa.

"Asante," akasema. "Hicho kitanda cha ziada nitakuja kukilalia. Lakini samaki nitaloweka mwenyewe, maji mara tatu, na wewe usiingie jikoni."

"Njoo, na huo ulimi wako uuloweke pia," Alcinda akasema.

Cuthbert tayari alikuwa nje, anafuta viti vya teksi.