Mapigo Themanini na Mawili

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa koti lake jeupe, Nihal binti Badr hukaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yao, Makorora, hujishika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo ya moyo wake kwa dakika nzima. Haandiki popote. Mama yake hudhani ni uradi, naye hajamsahihisha.

Ana miaka ishirini na saba. Shahada ya udaktari alishaipata. Anamalizia mwaka wa mafunzo kwa vitendo katika wodi ya wazazi ya hospitali moja hapa Tanga. Mwanzoni walikuwa wawili, yeye na Manase, kijana wa Same. Mwezi wa tano Manase aliacha kuja kazini. Nihal alipopiga simu, dada yake ndiye aliyepokea, akasema anapumzika. Hakuletwa mwingine.

Wodini kuna jambo ambalo madaktari wa mafunzo hurithishana, nalo wanaliita kupiga ramli. Mama aliyefanyiwa upasuaji anatakiwa kupimwa presha na mapigo ya moyo mara kwa mara, na karatasi yake ijazwe. Mashine nzima ni moja, wagonjwa arobaini. Basi kabla ya raundi ya saa mbili, daktari kijana hupita kitanda hadi kitanda akijaza kwa kukisia, maana Dokta Praxeda, bingwa wao, akikuta pengo hugomba mbele ya wagonjwa.

"Ramli imetokaje leo, mganga wetu?" Sista Bibiana humtania akipita na sinia la sindano.

"Wote watapona," Nihal hujibu.

Mwezi wa nane alifika kitandani kwa Zuwena, mama wa Mkwaja aliyejifungua kwa upasuaji. Alikuwa amelala, shuka mpaka kidevuni, na Nihal aliona vibaya kumwamsha. Akanakili vipimo vya mstari wa juu kwenye karatasi yake: presha nzuri, mapigo themanini na mawili. Dokta Praxeda akasoma, akapita. Saa nne ndipo walipogundua kwamba tumbo limejaa damu. Zuwena alifia mlangoni pa chumba cha upasuaji. Kesho yake Nihal akaanza kujihesabu mapigo pale ngazini.

Kwenye kikao cha kujadili kifo kile faili lilionekana safi, wakaandika kuwa hali ilibadilika ghafla. Nihal alimfuata Dokta Praxeda ofisini, akamweleza yote. Bingwa yule alivua miwani. Naye asubuhi ile alikuwa amesoma karatasi tu, hakumgusa Zuwena.

"Mwanangu," alisema, "ukiliandika hilo watakuondoa wewe. Kesho wodi itabaki na nani?"

Kisha akavuta kitabu cha mafunzo cha Nihal, akatia saini mahali palipoandikwa uadilifu.

Alibaki mume wa marehemu. Nihal alikuwa amekwishaamua kwamba huyo atamwambia, liwalo na liwe. Mwinyijuma alipokuja kufuatilia karatasi za kifo, Nihal alimpa shikamoo, akamkaribisha kwenye benchi la korido. Lakini mzee ndiye aliyeanza.

"Wamenihadithia ulivyompigania mke wangu, daktari. Mungu akulipe. Nataka kujua moja tu, aliteseka?"

Nihal akamjibu kuwa asubuhi ile alikuwa amelala vizuri. Mzee akashukuru tena, akaondoka na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Nihal hakumwita arudi.

Mimi na Nihal tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza, nami ndimi wa kwanza kusimuliwa haya nje ya hospitali. Alisimulia bila kulia, viatu vya kazi vikiwa bado mguuni. Zimebaki wiki saba amalize mwaka wake. Baba yake ameshaanza kuwaambia watu wa msikitini waje nyumbani wapimwe.

Nilimuuliza swali moja tu: je, siku hizi anawapima wote?

"Hapana," alisema. "Wako arobaini, na mimi niko peke yangu."