Mheshimiwa Aliyejiandika Seremala

Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu ya benchi. Tulikuwa watu watano juu ya benchi la watu watatu, pale misheni, na siku hiyo mvua ilikuwa kali, tukabanana kukwepa upande unaovuja mpaka mguu wa benchi ukakatika. Padri alipogeuka akakuta benchi limenilalia mimi, basi kosa likawa langu. Akanipeleka kwa seremala wa misheni, nikae huko mpaka litengenezwe. Benchi lilipona kwa siku mbili. Mimi sikurudi darasani. Harufu ya mbao ilinishika, na yule seremala hakunifukuza. Alikuwa na vidole vinane tu na akipiga randa lazima aimbe. Lakini huyo nimwache, nikimwanza sitamaliza.

Ninachotaka kusema ni kwamba lile benchi ndilo lililonifikisha kwa Mheshimiwa. Nilikuwa tayari mtu mzima mwenye mke alipokuja kuomba kura za ubunge katika baraza la jimbo. Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu, mnene, na vigoda vya vijijini vilikuwa vinamwaibisha. Akaniagiza kiti cha kukunja. Nilipomkabidhi akakikalia, akajitikisa, akasema, "Wewe uliyekitengeneza, wewe utakibeba."

Nilikibeba miaka sita. Ilikuwa hivi: kiti kinatangulia. Nafika kijijini nacho kichwani, nakifungua mahali peupe, watu wakikiona wanaanza kukusanyika na kupiga makofi kabla yeye hajatokea. Mara mbili hakutokea kabisa. Watu walikipigia kiti makofi wakarudi zao.

Alichaguliwa, akachaguliwa tena. Aliahidi daraja, na daraja hilo aliliahidi vizuri sana, hata mimi niliyejua hakuna mbao nilikuwa naliona. Kwenye baraza lenyewe, waliokuwa wanakaa mle ndani waliniambia, miaka yote hiyo alisema mara moja tu: aliomba dirisha lifunguliwe. Mengine alikuwa anainua mkono wenzake wakiinua.

Halafu vita ikaja, na askari wapya wakaanza kutafuta watu wa serikali ya zamani. Yeye hawakumpata. Mimi walinipata siku ya kwanza, maana nani asiyemjua mtu wa kiti? Sikio langu la kushoto halisikii tangu siku hiyo. Hiyo ndiyo habari niliyoieleza ofisi ya wakimbizi nilipofika Durban, mwisho mwisho wa miaka ya tisini, na sikuongeza kitu.

Kazi nilipata Isipingo, kusini mwa mji, si mbali na stendi ya teksi, kwenye karakana ya mzee mmoja Mwislamu, mzaliwa wa hapa hapa, ingawa babu zake walitoka pwani ya Afrika Mashariki. Siku moja mlangoni nikasikia Kiswahili cha kwetu, "Papa, iko kazi?" Sura sikuijua. Alikuwa amekonda, koti linaning'inia kama liko kwenye kamba. Ila ile sauti ya daraja niliijua.

"Mheshimiwa!"

"Nyamaza," akasema. "Hapa mimi ni fundi mbao."

Nilimwombea kazi. Mzee wetu alimtazama siku tatu, ya nne akanivuta pembeni. "Huyu fundi wako, mbona nyundo anaishika kama kipaza sauti?" Tulicheka. Tangu hapo yeye alipiga msasa tu, mimi nikafanya yaliyobaki.

Ndipo ofisi ikaniita. Alhamisi, nilete mtu wa kuthibitisha kwamba kweli nilimtumikia mbunge, la sivyo faili langu linafungwa na karatasi yangu ya ukimbizi haiongezwi muda tena. Nilifurahi! Wenzangu wote pale mtaani kwetu Berea walikuwa wanatafuta mashahidi nchi nzima, mimi mbunge mwenyewe anapiga msasa mbele yangu.

Nilipomwambia, aliuweka msasa chini.

"Siwezi," akasema. "Mimi kwao nimeandikwa seremala."

"Seremala wewe?"

"Niliogopa. Niliona nikisema mbunge watanirudisha. Waliponiuliza kazi, la kwanza lililonijia mdomoni ilikuwa kazi yako."

Akinisaidia, karatasi yake inakuwa ya uongo. Asiponisaidia, ya kwangu inakufa. Jioni nikamweleza mke wangu, akaacha kusuka nywele za mteja, kitana mkononi.

"Miaka sita umebeba kiti chake, na yeye hawezi kukubebea hata neno moja?"

"Mama, anaogopa."

"Na sisi tunafanya nini hapa, tunacheza?"

Juma lile mikono yangu haikuwa yangu. Meza ya mama mmoja wa Overport nilikata mguu ukawa mfupi, nikakata na ile mitatu iufuate, nikakosea tena, nikakata tena, mpaka ikawa meza ya kukalia chini. Kila gari la serikali likipita nasimama. Na Mheshimiwa yuko pale pale, anapiga msasa ubao ule ule, haniangalii. Jumatano aliondoka bila kuaga. Eish, nikajua basi, imekwisha.

Alhamisi asubuhi nikamkuta kwenye foleni ya ofisi, mbele yangu. Amevaa koti lake la baraza, limefungwa vifungo mpaka shingoni, vifungo viwili si vya koti hilo. Foleni ilisogea kwa muda wa saa tatu hivi, ndipo akasema bila kugeuka, "Sikio bado linauma?"

"Haliumi. Halisikii tu."

Tuliitwa pamoja. Alikuwepo ofisa, na mkalimani, mama mmoja Mtanzania mwenye miwani. Ofisa akauliza huyu ni nani kwangu. Mheshimiwa akasema, "Mimi ndiye mbunge anayemsema."

Ofisa akaomba karatasi yake, akaisoma, akaisoma tena, akamgeuzia. Mkalimani akasema, "Baba, hapa umeandikwa seremala."

Nikamgeuzia sikio langu zima.

"Seremala ni huyu," akasema. "Mimi nilikuwa mbunge. Yeye alibeba kiti changu. Walipokuja kunitafuta mimi nilikuwa nimeshavuka ziwa, wakamkuta yeye." Akaongeza, "Nilijua watamkuta. Sikumwambia nakimbia."

Hilo nililisikia pale kwa mara ya kwanza. Mkalimani alichelewa kidogo kulitafsiri. Ofisa akaandika muda mrefu, akachukua karatasi zote mbili, akatuambia tusubiri, akaingia chumba cha nyuma.

Mheshimiwa akasimama. "Nakwenda kunyoosha miguu."

"Na karatasi yako?"

"Sharp," akasema, yaani sawa tu, kama vijana wa huku, neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Nikamwona dirishani. Alisimama kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, barabara haina gari hata moja, lakini akangoja mpaka taa ya watembea kwa miguu ikawaka. Akavuka. Akapanda kuelekea Berea, polepole, mikono nyuma, kama alivyokuwa akitembea kukifuata kiti.

Ofisa alirudi, akagonga muhuri kwenye karatasi yangu. Ya pili alibaki nayo mkononi. "Mwenzako yuko wapi?" mkalimani akaniuliza. Nikasema anarudi sasa hivi, nikakaa nikimngoja hadi walipofunga milango. Hakurudi. Karakanani hakuja tena, wala kanisani kwetu, na ule ubao aliokuwa anaupiga msasa mzee wetu hakumpa mtu mwingine kwa muda mrefu.