Malaria imegoma kuingia kwenye visanduku sita

Ndugu, jamaa na marafiki, natangaza kwa masikitiko kwamba leo hapa Kibeta, mwalimu mzima wa Kiswahili, nimeshindwa na chemshabongo ya gazeti.

Msinicheke bado.

Nilikuwa na dada yangu, mjane, anayekohoa tangu Pasaka na hataki kusikia habari ya kupima. Yeye anasoma maelezo, mimi najaza.

"Ugonjwa uletwao na VVU. Herufi sita."

Nikaandika MALARIA.

Ndiyo, malaria! Kwetu ndivyo tulivyosema hata tulipomzika shemeji.

A ya mwisho ikabaki nje ya visanduku.

Nikatoka kukagua migomba. Nikarudi. Nikatoka tena.

"Waitu, ndugu yangu, migomba haikimbii," dada akasema. "Kaa."

Akachukua kalamu, akakata jibu langu, akaandika UKIMWI taratibu. Kisha akaniuliza, "Kesho utanisindikiza hospitali?"

Nikasema ndiyo.

Ukweli wenyewe ni huu: jibu nililijua tangu mwanzo, ila niliogopa kulitamka mbele yake. Sasa yeye anamenya ndizi huku akiimba. Mimi ndiye nisiyeweza kukaa.

Nyie mliowahi kusindikiza ndugu zenu, mlizungumza nini njiani?