Hakuna Aliyeuliza

Ofisini kwetu Kigali, kukagua mchoro wa mfumo ilikuwa sherehe tu. Mkuu wetu alikuwa amekwisha kuuonyesha kwa wageni wake na kusifiwa, ndipo sisi mafundi watano tukaitwa kuukagua. Fanta ziligawiwa kabla ya maswali, na ukishapokea Fanta ya mtu huanzi kumkosoa mbele ya wenzako.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa kuuza tiketi za mabasi pale stendi ya Nyabugogo. Ungekaa kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, zile tunazoziita klaudi. Kosa nililiona mara moja. Data zote na nakala yake ya akiba ziliwekwa katika kituo kimoja cha kompyuta hizo. Swali la kwanza la mkaguzi yeyote ni hilo: hiki kikizima, tunabaki na nini? Nililiandika daftarini kwa herufi kubwa. Mkuu akauliza, "Kuna mwenye neno?"

"Hapana, bosi, iko sawa," nikasema, nikanywa Fanta yangu.

Miezi miwili baadaye kituo kilizima, asubuhi ya Jumatatu. Abiria walijaa Nyabugogo na mizigo yao, wakimtukana mwanamke wa dirishani ambaye hakuchora wala kukagua chochote.

Mkuu aliandika ripoti. Ilisema wakaguzi walipewa nafasi ya kuuliza na hakuna aliyeuliza. Niliisoma mara tatu kwa hasira, nikitafuta uongo wa kumrushia usoni. Haukuwamo.