Gundi Ilikuwa Mbichi

Saa mbili asubuhi, Laurier Ouellette anapaka gundi kwenye soli, anaiweka karibu na dirisha, kisha anakaa bila kufanya lolote. Nje ya duka lake la kutengeneza viatu hapa Lewiston theluji imefika magotini. Baada ya robo saa anaigusa gundi kwa kifundo cha kidole, si kwa ncha.

"Ncha ina sugu, inadanganya," anasema. "Bado. Inang'ang'ania."

Laurier, 68, alianza kazi kwenye meza ya gundi ya kiwanda cha viatu akiwa na miaka kumi na minane. Kiingereza cha mezani pale, anasema, kilikuwa na neno la gundi mbichi inayong'ang'ania kidole, neno la ile iliyozeeka ikawa inavutika kama bigijii, na neno la ile iliyoiva, inayoshika kidogo kisha ikakiachia kidole kikiwa safi. Soli hubandikwa kwa hiyo ya mwisho tu.

"Siku hizi wateja wana neno moja: inanata. Basi."

Kiwanda kilishafungwa. Yeye hutengeneza jozi mbili tatu kwa siku, na hataki kuharakishwa. Lakini Desemba ya mwaka juzi aliharakishwa, na aliyemharakisha ni rafiki yake wa tangu shule, Gérard Cloutier, tarishi wa mtaa.

"Alikaa pale akinichokoza," Laurier anakumbuka. "'Wewe mzee, unangoja gundi iende kuungama? Barua za watu zinanisubiri.' Nikacheka, nikabandika soli ya kiatu chake. Na kifundo kilikuwa kimeniambia bado."

Siku ya tatu Gérard alianguka kwenye ngazi za nyumba ya watu, akavunjika nyonga. Mkewe alileta kiatu kikiwa kimebanduka mbele. Laurier alipokifungua, aliikuta gundi inang'aa pande zote mbili. Haikuwa imeshikana.

Akakishona, asimwambie mtu.

Nyonga ilipona, na daktari akamruhusu Gérard kurudi kazini. Yeye akakataa, baada ya miaka 31 ya kupeleka barua. Majuto ni mjukuu, na ya Laurier humjia kila Jumamosi, kwenye chakula cha maharage cha parokia, Gérard anaporudia yaleyale: "Miguu imenisaliti, mzee mwenzangu. Tarishi asiyeiamini miguu yake akae nyumbani."

"Na mimi nampitishia mkate," Laurier anasema, akijifuta macho kwa mkono wa shati. "Naona haya. Nimemwacha azeeke kwa kosa langu."

Namuuliza kwa nini amekubali niyaandike haya.

"Gérard hanywi kahawa bila gazeti lenu. Yatoe Jumapili. Jumamosi nitamwambia mwenyewe, nimeshajiapia. Nikishindwa, mwambie wewe."

Anaigusa tena gundi. Safari hii kidole kinatoka safi, na anaibandika soli.

Leo ni Jumapili. Kama alishindwa, Bwana Cloutier, miguu yako haikuwa na kosa.